Jibu Sahihi Lililompeleka Mwalimu Wangu Seli

Pa-pa-pa! Pa-pa-pa! Paaa!

Hayo makofi bado nayasikia. Nikikanda unga, nayasikia. Nikifua, nayasikia. Yalikuwa makofi ya darasani, yale ya tatu-tatu halafu moja kubwa la kumalizia, na waliopiga walikuwa wazee wenye mvi ndani ya ukumbi wa kanisa hapa Masii. Walinipigia mimi! Na wakati wanapiga, nikiwa nimesimama pale na birika mkononi nikicheka kama mjinga, nilikuwa nimeshamchoma mtu aliyenipenda bila sababu.

Nilikosa. Nasema mapema ili usidhani nimekuja kujitetea. Nilimkosea mama wa watu, na nimelipia. Lakini nitakwambia pia mahali ambapo sikukosa, na hapo siinamishi kichwa, hata aje nani. Haya, sogea tuongee.

Mimi ni msichana wa kawaida tu. Shule niliachia kidato cha pili, na hata hicho kidato cha pili nilikisoma nusu nusu, leo darasani, kesho nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Lakini niko na ndoto! Nataka shule yangu ya nasari. Nimeshaiona kichwani kila kitu: ukuta umechorwa twiga, mlango mwekundu, na uji wenye sukari ya kutosha. Nyumbani walikuwa wananicheka wakiniita Hedimistresi, kwa sababu nilikuwa nikipanga mbuzi wetu kwa mstari nikiwaita majina ya rejista.

Na hivyo ndivyo nilivyokutana na Mwalimu Ndunge. Nilikuwa malishoni, nimesimama juu ya tuta la shamba, nawafundisha mbuzi kuhesabu. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Huyo wa mwisho hajaelewa. Mweleze tena."

Asi! Niligeuka nikitaka ardhi inimeze. Mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani amesimama njiani, hata hacheki. Alikuwa amestaafu. Maisha yake yote alifundisha watoto wa darasa la kwanza, na nusu ya watu wa Masii wanaojua kusoma walianzia mikononi mwake.

"Uliachia wapi shule?" akaniuliza.

"Kidato cha pili, Mwalimu."

"Kesho ukimaliza kazi za nyumbani, kuja kwangu. Uje na kalamu. Mbuzi uwaache."

Nikaenda. Nikaenda tena. Ikawa kila alasiri. Hakutaka kitu kwangu. Alisema nikiwa tayari nitajiandikisha mtihani wa kidato cha nne kama praiveti, nikipita niende chuo cha walimu wa nasari. Alikuwa mjane, watoto wamekua, nyumba imemzidi ukubwa. Akinifundisha hesabu alikuwa anachambua ndengu, na nikikosea ananirushia ndengu moja kichwani. "Mwiitu wakwa," ananiambia, yaani binti yangu, "hiyo ilikuwa ya kukuamsha." Mimi nacheka, naye anacheka. Sijawahi kuwa na furaha kama zile alasiri.

Ni yeye pia aliyenitafutia kazi ya kupika chai kwenye mikutano ya walimu wastaafu. Walikuwa wakikutana kila mwezi, wanaulizana nani mgonjwa, nani amepata mjukuu, halafu wanabishana mpaka chai inapoa. Mwenyekiti wao ni Mwalimu Mulwa, mzee mrefu, suti ya kahawia, mzee ambaye hata akikusalimia unahisi kama umechelewa shule.

Sasa nikuambie kuhusu pombe.

Kitinda mimba wa Mwalimu Ndunge, Kyalo, alikuwa amepata mchumba upande wa Katangi. Kwetu Wakamba kuna ntheo: familia ya kijana inapeleka mbuzi kwa kina msichana, na bila hiyo huyo msichana hajawa wako hata mkiwa na watoto kumi. Wazee wa Katangi wakatuma ujumbe. Mbuzi sawa, lakini pia waletewe uki, pombe ya kienyeji, tena iliyopikwa nyumbani kwa kijana. Soda hawataki. Bia ya chupa hawataki. Uki, au mrudi na mbuzi zenu!

Hapo Mwalimu akapatikana. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kanisa letu pombe halitaki hata kuisikia ikinuka kwa jirani. Angeweza kwenda kwa chifu akapewa ruhusa ya siku moja, watu walikuwa wanapewa kukiwa na sherehe ya mila. Lakini karani wa chifu anaimba kwaya kanisani kwetu! Kabla jua lizame kanisa zima lingejua. Kwa hivyo akaamua atapika kimya kimya, mara moja tu katika maisha yake, kwa sababu ya mtoto wake.

Mimi ndiye nilimsaidia. Nilianika miatine, yale matunda marefu ya kuchachusha, juu ya paa la choo mpaka yakakauka. Nilichota maji. Tulikoroga sukari na asali kwenye pipa ndani ya jiko la nyuma, tukalifunika kwa blanketi za kitandani kwake ili lisipate baridi, tukawasha moto wa kuni usiozimika kando yake. Ilikuwa Jumanne. Ntheo ilikuwa iwe Jumamosi.

"Hii ni siri yangu na yako na ya Mungu," akaniambia akifunga mlango. "Na Mungu nitaongea naye mwenyewe."

Siri! Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano ilikuwa mkutano wa wastaafu. Mwezi huo walikuwa na mgeni. Wezi walikuwa wamewachosha, leo mbuzi wa huyu wameenda, kesho kuku wa yule, kwa hivyo wakamwalika OCS, mkubwa wa kituo cha polisi, aje awaambie watajilindaje. Alikuwa mgeni kabisa huku kwetu, kijana kijana hivi, magwanda yamepigwa pasi mpaka yanakata, na Kiswahili chake kimenyooka.

Ungewaona wale wazee! Hawakuona OCS. Waliona mwanafunzi.

"Kofia!" Mwalimu mmoja akapiga kelele kabla hata hajafika mbele. "Uko ndani ya jengo!"

OCS akavua kofia mbio. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Sauti, kijana. Sisi wa nyuma hatusikii."

"Na usisimame kwa mguu mmoja kama korongo."

Lakini yule mtu hakukasirika. Alitabasamu, akasogeza meza kando, akaanza kutembea katikati ya viti akiuliza maswali, kama mwalimu. Loo, aliwashika! Dakika chache tu, wazee wote wamegeuka darasa. Mtu akijibu sawa, Mwalimu Mulwa anaamuru, "Makofi!" na wote wanapiga yale ya tatu-tatu. Walikuwa kama watoto. Mwalimu Ndunge alijibu swali la kufunga zizi, akapigiwa, akacheka mpaka akajipangusa macho.

Na mimi nikiwa nimesimama kando na birika langu, roho ilikuwa inaniuma kwa wivu. Usinicheke. Tangu nianze shule mpaka nitoke, hayo makofi sijawahi kupigiwa hata siku moja. Wakati wa kujibu, mimi nilikuwa nyumbani nimefukuziwa karo. Nikirudi, wamesonga mbele, sijui kitu.

OCS akasema wezi hawa mara nyingi hukutana kwenye nyumba za pombe, na mbuzi wa wizi hubadilishwa huko huko kwa vikombe. Akauliza, "Sasa, nyumba inayopika pombe, utaitambuaje ukiwa barabarani, kabla hujaingia?"

"Harufu!" mtu akasema.

"Harufu huja mwisho, Mwalimu. Kabla ya harufu?"

Kimya.

Na wewe hujui kimya cha walimu swali likikosa jibu. Kinawauma! Wanatazamana, wanakohoa, wanaona haya mbele ya mgeni. Mwalimu Mulwa akanung'unika, "Hakuna mtu? Darasa zima?"

Mkono wangu ukapanda.

Naapa sikuutuma. Birika kwa mkono huu, na ule mwingine uko juu, vidole vimenyooka.

"Ehe, binti wa chai," OCS akasema. "Tusaidie."

Nikasaidia! Nikasema moto wa kuni utaonekana ukifuka nyuma ya nyumba mchana kutwa na hakuna sufuria ya chakula. Nikasema nyuki watazunguka dirisha la jiko, kwa sababu ya asali. Nikasema blanketi hazitakuwa kitandani wala kwenye kamba, zitakuwa zimefunika pipa. Na nikamalizia kwa sauti, nikiwa nimechangamka kama mtu anasoma habari redioni, "Na kabla ya hapo, afande, utakuwa umeona miatine imeanikwa juu ya paa la choo!"

Sikutaja mtu. Hata jina moja sikutaja. Kwa kichwa changu nilikuwa najibu swali. Nilikuwa nimefurahi hivi kwamba sikukumbuka hayo yote nimeyajua kwa nani!

Lakini lile neno la paa la choo lilipotoka, vichwa viligeuka. Si vyote. Vya wale wanaoishi upande wetu, wanaopita pale kila siku, na vya wale waliokuwa wamealikwa waandamane kwenda Katangi. Viligeuka polepole vikamtazama Mwalimu Ndunge, kama vile darasa linavyogeuka kumtazama mtoto aliyevunja kioo. Mwalimu Mulwa naye aligeuka. Kisha akashtuka, akarudisha shingo mbele haraka, na kwa kufunika ile aibu akapaza sauti, "Makofi!"

Pa-pa-pa! Pa-pa-pa! Paaa!

OCS naye alipiga. Lakini macho yake hayakuwa kwangu.

Nilianza kuzungusha chai nikiwa bado naelea. Nikafika kwa Mwalimu Ndunge, nikainamisha birika. Akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Nimeshiba," akasema.

Hapo ndipo nikakumbuka lile paa la choo ni la nani. Aiya! Nimefanya nini?

Nilitaka kumfuata mkutano ukiisha, lakini vikombe vilikuwa vingi na yeye aliondoka mapema. Nikajiambia, hakuna kitu, hiyo ilikuwa somo tu. OCS hata hajui njia ya kwetu. Nikajiambia hivyo mpaka nikalala.

Alhamisi asubuhi gari la polisi likapita kwetu likitimua vumbi. Nilikimbia nyuma yake, viatu nimeviacha. Nilipofika, pipa lilikuwa limeshatolewa nje. Askari wawili wakalipindua. Ile uki ikamwagika uani yote, povu jekundu, kuku wakaja mbio kunywa. Mwalimu Ndunge amesimama mlangoni na leso ya nyumbani. Aliwaomba kitu kimoja tu, wamwache avae rinda zuri. Wakamkubalia. Akatoka amevaa lile la buluu la kanisani, mkoba mkononi, akapanda lile gari mwenyewe bila kushikwa.

Alinipita karibu, karibu hivi. Hakunitazama.

Kyalo ndiye aliyenitazama. "Kumbe wewe ni informa!" akanifokea mbele ya majirani wote. "Mama anakulisha, wewe unamuuza! Walikupa nini?"

Hakuna kitu nilichopewa! Na hapa ndipo hasira yangu inaanzia, kwa sababu hilo neno lilienea Masii nzima kabla ya saa sita. Informa. Ati polisi walinilipa. Ati nilitumwa kupika chai ili nisikilize. Mimi! Nilikosa kwa kutaka makofi, basi. Makofi yenyewe hayanunui hata chumvi.

Sikukaa nyumbani kulia. Nilienda kituoni kwa miguu, na kilio nilikilia njiani ili kiishe.

Koplo wa kwenye kaunta akanitazama toka juu mpaka chini. "Sasa wewe?"

"Nimekuja kusema hiyo pombe tulipika wawili. Maji nilichota mimi. Miatine nilianika mimi. Mnifunge pia."

"Ati?"

"Nifungeni."

Alicheka mpaka akashika kaunta. "Msichana, hii ni stesheni, si arusi. Watu hawaji kuomba nafasi."

OCS akatoka ofisini kusikia ni kelele gani. Akanitambua. "Ah! Binti wa chai."

"Afande, nilikuwa najibu swali tu," nikamwambia. "Ulikuja kutufundisha ama ulikuja kutuwinda?"

Koplo aliacha kucheka. OCS akaniambia kwa upole, na huo upole uliniuma zaidi, "Wewe hukunionyesha mtu. Majibu kama yako ningepata popote. Mimi nilitazama shingo za walimu."

Ndiyo hiyo. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, na koplo alisikia.

Nikamwambia, "Basi nifunge pamoja na hizo shingo." Na kutoka nyuma ya ule mlango wa chuma, nikasikia sauti ninayoijua. Alikuwa amesikia yote.

"Nyamaza, mtoto. Umeshajibu ya kutosha."

Hakuniita mwiitu wakwa. Aliniita mtoto, kama mtoto wa mtu yeyote. Mpaka leo ninapoandika haya, hilo ndilo neno la mwisho Mwalimu Ndunge ameniambia.

Alilala huko. Mwalimu wa watoto wa nusu ya Masii alilala kwenye simiti! Ijumaa akapelekwa kortini Machakos, akatozwa faini, Kyalo akailipa. Jumamosi wakaenda Katangi na mbuzi na kreti za soda. Wazee wa kule wakawakagua mbuzi vizuri, wakawasifu, halafu wakauliza, "Na uki uko wapi?" Waliporudi, walirudi na mbuzi zao, na yule msichana akabaki kwao analia. Wameambiwa wajipange upya. Jumapili kanisa likamwita Mwalimu mbele, akasimamishwa watu wakimtazama, akavuliwa uongozi wa akina mama na kuambiwa akae viti vya nyuma mpaka wazee wa kanisa waridhike.

Yote hayo kwa sababu ya mkono wangu kupanda.

Mlango wake ukafungwa kwangu. Nilienda mara ya kwanza, nikabisha, nikamsikia ndani anatembea, hakufungua. Nilienda tena, hakufungua. Hakuna ndengu, hakuna hesabu, hakuna mtu wa kuniambia nimekosea. Mtihani nilikuwa nimepanga kuufanya mwaka ule, nikauacha.

Mwezi uliofuata nikaenda mkutano wa wastaafu kama kawaida, nikawasha jiko. Mwalimu Ndunge hakuja. Mwalimu Mulwa akaniita mbele kabla ya maombi. Mbele kabisa, pale OCS alipokuwa amesimama.

"Huyu msichana," akasema, "hatamiminia mtu chai hapa tena. Kazi yake ilikuwa vikombe. Nani alimwambia aongee? Mtoto wa kuosha vikombe anainua mkono kwa mkutano wa walimu!"

Wengine wakatikisa vichwa. "Kweli kabisa. Kinywa."

Ningenyamaza, ningesamehewa nusu. Hata mama yangu aliniambia baadaye, "Si ungesema pole tu?" Pole nilikuwa nimeshasema. Niliisema hapo hapo, ya kwanza kabisa. "Nimemkosea Mwalimu Ndunge," nikasema, "na ninaomba radhi mbele yenu wote." Lakini nikaendelea.

"Lakini Mwalimu Mulwa, nauliza. Si wewe ungekuwa msemaji wetu Katangi? Si wewe ungekibeba kibuyu cha kwanza cha uki mbele ya wazee?"

Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Wewe msichana!"

"Mlijua wote! OCS mwenyewe aliniambia jina hakulipata kwangu. Aliangalia shingo zenu zilipogeuka. Na alipomchukua, hata mmoja wenu hakwenda kituoni kusema, mwachilie, hii ni mila yetu, na sisi tulikuwa tuinywe. Mimi nilienda!"

"Toka nje!"

"Natoka. Maji yamechemka, mtajimiminia wenyewe."

Nikatoka. Lakini lile neno sikulirudisha, na silirudishi leo. Mama mmoja mzee, sijui hata jina lake, alinifuata nje akijifanya anatafuta choo. Akanifinya mkono. "Umesema vibaya," akaninong'oneza, "lakini umesema." Akarudi ndani.

Sasa hivi napika chapati katika kihoteli karibu na soko. Bado kuna watu wakiingia wanaambiana, "Chunga mdomo, informa yuko jikoni," halafu wanacheka. Nawakaangia chapati na mimi nacheka pia, na wakizidi nawauliza, "Kwani wewe uko na nini cha kuficha?" Wananyamaza wanakula. Vitabu vyangu viko chini ya meza ya kusukumia unga. Hesabu zinanitesa kwa sababu nazifanya peke yangu, lakini nazifanya. Mtihani nitaufanya. Na ile nasari itakuwa na mlango mwekundu, mtake msitake!

Na humo ndani mtoto akiinua mkono hataambiwa ashushe. Hata kama ni mtoto wa kuosha vikombe.

Lakini wewe unayesoma, hasa wewe dada mdogo mwenye kiu ya kusifiwa kama mimi, nisikilize. Kabla hujafungua kinywa mbele ya mtu mwenye magwanda, au mbele ya mtu yeyote anayeuliza maswali matamu, jiulize kwanza: hili ninalolijua, nililijua jikoni kwa nani? Mtu akikuingiza jikoni kwake, hayo ya humo ni yake. Hata ukiacha jina lake, umelitoa. Mimi nililitoa lote, tena nikitabasamu.

Na nyinyi mnaokaa kwenye viti mkimtazama aliyekosa, chungeni shingo zenu.

Ile Jumapili Mwalimu aliposimamishwa kanisani, mimi sikuwako. Sikutaka macho yangu yaongezwe kwa yale mengine. Nilikuwa uani kwake.

Tangu Alhamisi hakuna mtu aliyekuwa amegusa pale walipomwaga. Udongo ulikuwa umekunywa ile uki mpaka ukawa mweusi, nzi na nyuki wamejaa, na harufu ilikuwa inafika barabarani. Kila atakayekuja kumpa pole angepita hapo kwanza.

Nilichukua jembe lake ukutani. Nikachimba ule udongo wote, nikaujaza kwenye karai, nikabeba mpaka chini ya shamba na kuumwaga kwenye nyasi za tuta. Nikarudi, nikachimba tena mpaka nikafikia udongo usionuka. Halafu nikaleta mwingine mkavu kutoka kando ya zizi, nikamwaga, nikatawanya kwa mikono.

Kisha nikaanza kukanyaga, kutoka mlangoni kwenda langoni, hatua kwa hatua, mpaka pakawa sawa.